Mzee Mulwa na Kazi Tatu za Asubuhi

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi 2025, Mzee Mulwa Ndululu, Fundi Mkuu wa Ushirika wa Nyumba wa Paa Moja, anastaafu baada ya kuwatumikia wapangaji wetu wa Kabiro na Kibera kwa miaka ishirini na saba kasoro miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu ameniagiza niitaje. Nilipomwonyesha karatasi iliyosema miaka ishirini na saba kamili, alichukua kalamu yangu akapiga mstari, akasema hataki kusifiwa kwa siku ambazo hakufika kazini. Haya, nimeitaja, sasa atulie.

Kwa wasionijua, mimi ni Sella Murunga. Nimeshika simu na kitabu cha malalamiko tangu mwaka 2005, na hakuna mtu hapa ofisini aliyegombana na Mzee Mulwa mara nyingi kama mimi. Nadhani ndiyo maana nikapewa kazi ya kuandika karatasi hii ya kuwagawia ukumbini siku ya kumuaga.

Mzee alitoka Mutomo, Kitui, akiwa kijana wa mjengo, akajifunza mabomba na stima mikononi mwa mafundi waliomtuma zaidi kuliko walivyomfundisha. Tarehe 1 Julai 1998 Paa Moja ilimchukua kwa mwezi mmoja wa majaribio. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba majaribio yameisha, naye hakuuliza. Siku hizo tulikuwa na ploti mbili za vyumba vya kupanga na ngazi moja ya kukunja. Leo tuna ploti tisa, mafundi sita na ngazi nne, ingawa ya nne haijulikani iko wapi na Mzee ana mtu anayemshuku.

Alipopandishwa kuwa Fundi Mkuu mwaka 2006, alikuta kazi zikifanywa kwa kufuata kelele. Aliyepiga simu kwa ukali ndiye aliyefuatwa, mpaka apige mwingine mkali zaidi. Kufikia saa sita mchana sinki lilikuwa limeng'olewa ploti ya kwanza, ukuta umechimbwa ya pili, mlango umelazwa bila bawaba kwenye ploti ya tatu, na fundi mwenyewe yuko ya nne akieleza kwamba anakuja sasa hivi. Mafundi walikuwa wanachoka sana, na hakuna kilichokuwa kinaisha.

Mzee alianza na chaki. Saa moja kamili asubuhi, mafundi wote wakiwa wima mbele ya mlango wa karakana, kitabu kilisomwa chote, na kila lalamiko aliliuliza swali lilelile: tukiiacha hii mpaka kesho, nani ataumia? Kisha aliandika kazi tatu mlangoni. Tatu tu. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa ya nne kabla ya hizo tatu kuisha, hata kama ya nne iko njiani, hata kama mwenyewe ni binamu yako. Aki tulimnung'unikia! Mimi niliyekuwa nikitukanwa kwenye simu na wale wa nne na wa tano nilimwita mkaidi mbele yake, akanijibu kwamba ni kweli na tuendelee.

Wala hakuogopa cheo. Mlango wa ofisi ya Mkurugenzi wetu, Bwana Wanzala, ulilia kila ulipofunguliwa kwa miezi kumi na moja. Bosi aliuandikisha kitabuni mara kumi na nne. Kila asubuhi Mzee aliusoma kwa heshima zote, akauliza swali lake, akatutazama mmoja mmoja kama kuna anayeumia, akaendelea na lalamiko linalofuata. Mwishowe Bwana Wanzala alinunua mafuta mwenyewe, akapiga magoti kwa suti yake, akapaka bawaba. Mzee alipita, akaufungua na kuufunga mara mbili, akampongeza kwa kazi safi. Bosi alicheka mpaka akatafuta kiti.

Lakini hii si karatasi ya vichekesho tu, na Mzee mwenyewe ameniruhusu kuandika yanayofuata.

Aprili 2012, wakati wa mvua kubwa, mwenye duka la mbele kwenye ploti yetu ya Kabiro alinipigia simu mara saba kabla ya saa moja. Maji yalikuwa yanaingia dukani, na alikuwa akipiga kelele mpaka nikawa naiweka simu mbali na sikio. Katikati ya simu zake alipiga Lenah, mpangaji wa chumba cha nyuma, mama mwenye sauti ya chini. Alisema ukuta wake wa mabati unampiga shoti akiugusa. Halafu, kwa sababu ni mtu wa adabu, akaongeza kwamba si haraka sana, tukipata nafasi. Nami nikaandika hivyohivyo kitabuni: shoti kidogo, si haraka.

Asubuhi hiyo Mzee alisoma kitabu huku simu ya mwenye duka ikilia tena mezani. Aliandika duka kuwa kazi ya kwanza, na ukuta wa Lenah ukawa wa nne. Mafundi walikuwa dukani wanazibua mtaro, wanaume watatu na beleshi, waliposikia mayowe nyuma. Tabby, binti ya Lenah, alikuwa na miaka sita. Alikuwa amenawa mikono akayashika yale mabati, na mabati yakamshika. Jirani mmoja aliwahi kuzima swichi kuu. Mtoto alipona, Mungu ni mwema, lakini kiganja chake cha kulia kiliungua, na alilala hospitalini siku tisa.

Nilikwenda na Mzee kumwona. Alivua kofia, akasimama kando ya kitanda, akamwambia Lenah ukweli wote: kwamba saa moja alilisoma lalamiko lake, kwamba alijua mabati na maji ni kitu gani, na kwamba aliliweka la nne kwa sababu mwingine alikuwa anapiga kelele. Hakutaja mvua wala uchache wa mafundi. Lenah alilia, kisha akakasirika, akamfukuza. Mzee alitoka akakaa kwenye benchi la nje, hakwenda popote, mpaka saa kumi Lenah alipotoka mwenyewe. Hakumwambia amemsamehe. Alimwambia aende akakague kila chumba cha ploti ile, msumari kwa msumari, kabla mtoto hajarudi nyumbani. Mzee alikagua vyumba kumi na viwili kwa siku mbili, na katika vitatu alikuta waya umechunika nyuma ya mabati.

Mimi nilikuwa nimeumwa na lile neno langu la "kidogo". Nilimfuata karakana nikamwambia kosa ni langu, maana Lenah hakusema kidogo, mimi ndiye niliyesema. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Sella, wewe uliandika, lakini mimi ndiye niliyechagua." Hakunibembeleza zaidi ya hapo. Alivuta kiti, akanifundisha maswali ya kumuuliza kila anayepiga simu: ni nini, kiko wapi, na ni nani anapita hapo. Nimeyauliza kila siku ya kazi tangu wakati ule, na wapangaji wengine wamenizoea hata wanajibu kabla sijauliza.

Naye alibadilika. Alikuwa na swali, sasa akawa na zoezi. Kabla ya kushika chaki aliniomba nimwonyeshe wote walioanza kwa kuomba samahani, wote waliosema tukipata nafasi, wote waliosema wanaweza kungoja. Hao aliwapigia simu yeye mwenyewe, mmoja mmoja. Mara nyingi ilikuwa kweli wanaweza kungoja. Mara chache haikuwa kweli hata kidogo, na kwa hizo chache kuna watu wazima na watoto wanaotembea Kabiro leo bila kujua walikuwa karibu na nini. Tabby ana miaka kumi na tisa sasa, yuko chuoni, na ameahidi kuwa hapa leo na mama yake.

Mwaka 2017 tulitarajia wageni wakubwa waje kutazama ploti zetu za Kibera. Ofisi nzima ilishikwa na kiherehere, na amri ikatoka lango lipakwe rangi ya buluu. Wiki ileile kinamama walikuwa wamelalamika kwamba mabafu hayana komeo, mtu anaoga huku ameshikilia mlango kwa mguu. Mzee aliandika komeo namba moja, na lango likaangukia namba tisa. Wageni walipokelewa na lango lenye kutu, Bwana Wanzala akitokwa jasho. Mgeni mmoja aliuliza kwa nini hatukupaka rangi, na Mzee akampeleka mpaka bafuni, akaingia, akajifungia, akamwomba ajaribu kufungua. Yule mgeni alivuta mpaka akakubali. Rangi tulipaka mwezi uliofuata.

Mafanikio yake mengine nitayataja haraka kwa sababu hapendi. Amefundisha mafundi kumi na saba, wanne kati yao wana karakana zao. Tangu 2012 hatujapata ajali nyingine ya stima katika ploti zetu. Hakuwahi kukosa ile saa moja isipokuwa siku aliyomzika mama yake na siku mbili alipougua malaria, na siku ya pili ya malaria alipiga simu kuuliza tumeandika nini mlangoni. Nilimwambia alale.

Wengi mmesikia kwamba anayemrithi kama msimamizi wa matengenezo ni mimi. Kushika nyundo kuna mafundi sita wanajua. Mimi ninachoogopa ni chaki.

Jumatatu hii, wiki yake ya mwisho, Mzee alinipa hiyo chaki mbele ya wote. Kitabu kilikuwa na malalamiko kumi na moja. Juu kabisa Bwana Wanzala alikuwa ameandikisha taa za ukumbi huu, maana nusu zimekufa, na sherehe ni Ijumaa, na wageni wamealikwa. Chini alikuwepo Valentine, mpangaji wetu wa Kibera upande unaotazama mtaa wa Nyayo Highrise, aliyeomba samahani mara mbili kabla ya kutaja ngazi ya mbao ya kwenda ghorofani. Nilimpigia. Vipandio viwili vimepasuka, akasema, lakini wameshazoea kuviruka. Nikamuuliza ni nani anapita hapo. Watoto wanane wa shule, akasema, na jirani yake mwenye mimba ya miezi minane.

Nikaandika ngazi ya Valentine namba moja. Taa za ukumbi nikaziacha namba nne, nje ya zile tatu, Mkurugenzi akiwa amesimama dirishani pake. Nikamtazama Mzee, nikingoja atikise kichwa tu, ndiyo au hapana. Hakunitazama. Aliingia karakana, akatoka na mbao begani na mfuko wa misumari, akaja kusimama mbele yangu pamoja na mafundi wengine. Akauliza, "Fundi Mkuu, tuanzie vipandio vya juu au vya chini?"

Tulianzia vya juu. Saa tano na nusu ngazi ilikuwa imara, na jioni watoto waliipanda mbio bila kutazama miguu yao. Wageni wetu, kama mnaisoma karatasi hii kwa mwanga wa dirishani, mafundi hawana kosa. Wiki hii kazi za kuumiza watu zilikuwa nyingi, na taa hazikufika tatu bora hata siku moja.

Mzee Mulwa, wapangaji wa Kabiro na Kibera wanakushukuru, mafundi wako wanakushukuru, Bwana Wanzala anakushukuru pamoja na mlango wake. Mimi nakushukuru kwa kutonibembeleza siku ile. Nenda Mutomo ukapumzike, ufuge mbuzi wako, na Mungu akuongezee miaka yenye afya na watu wa kucheka nao. Jumatatu saa moja nitatamani sana kukupigia simu nikuulize, na sitapiga.