Nilifunga Chakula, Udongo Sikuuhesabu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Wazee, shikamooni. Naomba mnivumilie nikisoma kutoka kwenye daftari. Niliishia darasa la saba, na nikisema bila kusoma huwa naongeza maneno, kisha naona aibu. Humu nimeandika kidogo kidogo, kila nilipopata nguvu ya kushika kalamu. Nikikosea, nimekosea kwa kutojua, si kwa kupamba.

Mnanifahamu kama Mama Kabula. Mwaka ninaousimulia nilikuwa sijaitwa mama wa mtu yeyote. Mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi saba, na mume wangu Masanja akamzika mtoto. Alikuwa amepunguzwa kazini, kiwanda cha nguo kikiwa kinatafutiwa mnunuzi. Basi mimi ndiye niliyekuwa natoka alfajiri kwenda Nyakato, kwenye kiwanda cha samaki. Tulisimama kwenye maji baridi tangu asubuhi, tukichuna sangara ngozi.

Nilichoka. Sijui niliseme vipi neno hilo mlielewe. Niliamka nikiwa nimechoka, na jioni nikipanda mlima kurudi kwetu Mabatini nilikuwa nakaa juu ya mawe mara nne njiani, watoto wa shule wananipita. Mama mkwe alisema ni uvivu. Nisimsingizie, alisema mara moja tu, na siku hiyo kweli nilikuwa nimelala vyombo vikiwa havijaoshwa.

Sasa jambo lenyewe. Nilikuwa nakula udongo.

Kina mama mnajua, kina baba labda mtadhani ni mzaha. Sokoni upo, vile vijiti vya udongo uliookwa tunavyoviita pemba. Nilianza na mimba ya kwanza, kama wengi. Mimba ikatoka, hamu haikutoka. Ilipokuja mimba ya pili ikazidi. Nilikuwa navifunga kwenye pindo la khanga hata humu kanisani, na wakati wa nyimbo nainama kama mtu anayefuta jasho.

Aliyekuwa ananiuzia ni Bi Zuhura, mwenye genge la nyanya na mboga pale chini. Wengi mnamfahamu. Ni Mwislamu, mama mtu mzima, na mdomo anao. Siku moja nilimkuta na wateja, nikamwamkia, nikaomba vijiti. Akaweka mikono kiunoni.

"Marahaba. Jana umechukua, juzi umechukua. Unakula au unajenga?"

Wateja wakacheka, na mimi nikacheka nao.

"Lete mkono," akasema. Akageuza kiganja changu, akaweka chake kando yake. "Ona sasa. Mimi kizee nina damu, wewe binti mweupe kama dagaa la kukaushwa. Sikuuzii tena. Nenda kapime kwanza."

Nilikasirika. Sikwenda kupima. Kwa wauzaji wengine niliona aibu kuanza upya, kwa hiyo nikaanza kuchimba mwenyewe, kwenye kingo ya udongo nyuma ya vyoo vyetu. Mvua ikigusa pale, palikuwa pananukia kuliko mkate. Nyuma ya vyoo, ndugu zangu. Choo cha nyumba nne, ambacho mvua zikizidi kilikuwa kinafurika. Nilikuwa naona, na nilikuwa nakula.

Ndipo ukatangazwa mfungo wa siku tatu wa kuwaombea waliopoteza kazi. Mama Rebeka, kiongozi wetu wa maombi, aliniambia mara mbili kwamba wajawazito hawafungi. Naomba hilo lisikike, kwa sababu baadaye wapo waliomlaumu. Mimi ndiye niliyekataa. Moyoni nilidhani Mungu alimchukua yule wa kwanza kwa sababu ya ulegevu wangu, nikataka anione na bidii.

Nikafunga. Chai sikunywa, maji sikunywa. Udongo nilikula siku zote tatu.

Sikuona kwamba nimevunja mfungo. Udongo si chakula, nani anafungulia kwa udongo? Siku ya pili daftari linasema hivi: "Nimeshinda bila kula kitu chochote. Bwana amenitia nguvu." Nimelisoma tena juzi, na sijui kama nilikuwa namdanganya Mungu au niliamini. Nadhani niliamini. Na kina mama walikuwa wananisifu, wanasema mjamzito huyu anatushinda sisi, na sifa zile nilizipenda. Hilo nina hakika nalo.

Siku ya tatu, kwenye maombi ya jioni, nikaanguka. Walipolegeza khanga nipate hewa, vipande vikadondoka sakafuni. Sikuwa nimezimia kabisa. Nilisikia sauti inauliza, "Hiki ni nini?" Nyingine ikajibu, "Udongo wa makaburi huo." Mwingine akasema amewahi kuniona kwa Bi Zuhura.

Mama Rebeka akaniinamia. "Binti yangu, ni yeye aliyekupa?"

Nikafumba macho. Sikusema ndiyo, sikusema hapana.

Wakaomba, wakakemea uchawi, na mimi nikaketi. Nisikane, nilipata amani siku ile, na mikono yenu juu ya kichwa changu ilikuwa ya upendo. Lakini pia mlinipa uji wa sukari. Siwezi kuapa kipi kiliniinua. Mlisema nimefunguliwa, nami nikanyamaza, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema nilichimba mwenyewe nyuma ya choo. Wiki ile kina mama wetu wakaacha kununua kwa Bi Zuhura. Nyanya zake zililainika mezani zikaanza kutoa maji. Nilipita, nikaziona, nikaendelea na safari.

Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa sita. Jumamosi moja mchana nilikaa kwenye jiwe langu la pili na sikuweza kusimama tena. Moyo ulikuwa unapiga masikioni. Mtoto alikuwa hajacheza tangu asubuhi. Nikasema basi, na huyu anakwenda. Aliyekuja kusimama mbele yangu ni Bi Zuhura.

"Nasikia mimi ni mchawi," akasema.

Nikaficha uso kwenye khanga.

"Haya, inuka. Mchawi anakupeleka zahanati. Ukifia hapa watasema nimemaliza kazi yangu."

Akanishika kwapani. Tulitembea kama wazee wawili, na njia nzima alikuwa analalamika juu ya magoti yake.

Daktari alivuta kope langu la chini, akaagiza damu na choo vipimwe. Safura, akasema, na minyoo mingine pamoja nayo. Damu ilikuwa imepungua sana. Akasema uchungu ukinikuta katika hali ile, tunaweza kupotea wote wawili. Nikamwuliza kama ni udongo uliokula damu yangu. Akasema haiko hivyo tu. Safura huingia kwa miguu, kwa kutembea peku palipo na kinyesi, na mimi nilikuwa nachimba peku. Minyoo mingine huingia kwa mdomo. Na mtu aliyepungukiwa damu mwili wake huweza kutamani udongo. Kwa hiyo niliula kwa sababu naumwa, na nikaumwa kwa sababu nilikuwa naula. Akaweka chombo chake cha kusikilizia tumboni, akasikiliza muda mrefu. Kisha akasema, "Yumo."

Nikalia pale. Bi Zuhura akasema nisimalizie maji yaliyobaki mwilini.

Nilipewa dawa ya minyoo na vidonge vyekundu vya kuongeza damu, ambavyo mdomoni vina ladha ya msumari. Nikaambiwa nile dagaa, maharage na matembele, nivae viatu, ninawe mikono, na udongo niuache.

Ndugu zangu, wengine hapa mna tarehe ya kuokoka kwenu. Mimi sina tarehe ya kuokolewa na udongo. Daftari linasema siku moja: "Leo mvua. Nimesimama kwenye kingo nimeomba, nimerudi ndani mkono mtupu. Asante Yesu." Siku tatu baadaye linasema: "Nimekula kipande. Nimekitema nusu." Bi Zuhura alinipa mbegu za maboga za kukaanga nitafune, na Masanja akaifunika ile kingo kwa miiba bila kuniuliza kitu. Niliomba kila siku, vidonge nikameza kila siku. Mungu alinitoa, nashuhudia hivyo bila shaka, lakini alinitoa polepole, na kwa mikono mingi.

Kabula alizaliwa masika, mdogo, kilo zake hazikumfurahisha mkunga. Akalia. Mimi nilikuwa nimechoka mno hata kufurahi. Furaha ilikuja wiki iliyofuata, nikiwa nafua.

Nilikwenda kwa Bi Zuhura kumwomba radhi. Akasema, "Nyanya zangu huwezi kuzirudisha. Mlete mtoto nimwone." Mama Rebeka nilimweleza Jumatano hii. Akasema, "Kaseme mwenyewe. Nikilisema mimi litabadilika njiani." Basi nimesema. Yule mama hakunipa kitu kibaya. Alininyima, akanipeleka kwenye dawa, nami nikafumba macho jina lake likichafuliwa.

Namshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto, na kwa kunipa nguvu ya kusimama hapa. Mtumainini. Hashangai akijua mnachokula kwa siri. Kama kuna mama ana fundo kwenye pindo la khanga yake sasa hivi, nami najua yupo, baada ya ibada nitakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Asiseme kitu. Anionyeshe kiganja tu, twende wote zahanati kesho.

Nimemaliza. Mkitoka hapa, njia ya kushuka inapita mezani kwa Bi Zuhura. Leo ana nyanya.