Nilidhani Weusi Ule ni Ugonjwa Unatoka

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasimama hapa kanisani kutoa ushuhuda, mnivumilie. Mimi ni Kabula wa Ngulyati, mnanijua kwa kuchuma pamba bila kupumzika. Msichojua ni kwamba mgongo huu ulikuwa unakwenda kwa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Asubuhi vidonge viwili, jioni viwili, bila kumwona daktari, msimu mzima.

Kisha tukaingia mfungo wa kuombea mavuno. Nikajiambia kidonge si chakula, hakivunji mfungo. Nikameza tumbo tupu, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tumbo likawaka moto. Nikasema shetani anapigana na maombi yangu!

Siku ya nne choo kikatoka cheusi tii, kinanata, kina harufu ambayo sijapata kuisikia. Niliogopa, ndugu zangu. Mama mkwe wangu akanituliza, akasema ndivyo uchafu wa ugonjwa unavyotoka mwilini. Nikaamini, nikamshukuru Mungu kwa kunisafisha! Nilikuwa naimba huku damu yangu inaishia chooni.

Siku ya sita nikaanguka shambani. Wakanipakia kwenye bodaboda, mume wangu nyuma akinishikilia, mpaka hospitali Bariadi. Moyo ulikuwa unakimbia, macho yanaingia giza, nikawaona watoto wangu wanne bila mama. Hata kuomba sikuweza. Nilisema tu Yesu, Yesu.

Daktari akauliza choo changu kina rangi gani. Mume wangu alikuwa pale, nikaona aibu, nikageuzia uso ukutani. Daktari akauliza tena.

"Cheusi," nikasema.

"Mama, hiyo ni damu. Dawa unazomeza zimekuchubua tumbo."

Niliongezewa damu, nikapewa dawa ya kulinda tumbo, vidonda vikapona. Akanionya nisiguse tena vidonge vile bila ruhusa ya daktari. Akasema hata kula kwanza kabla ya kuvimeza hakutoshi kulinda tumbo.

Nimepona, lakini hofu haijaniisha. Namshukuru Mungu aliyemfanya daktari yule aulize mara mbili! Mtumainini, ndugu zangu, anasikia hata jina tupu. Na wewe uliyeketi hapa umefunga vidonge kama vile kwenye pindo la kanga leo, nakuogopea. Usitoke peke yako. Tutakwenda hospitali pamoja, na ukishindwa kusema kwa aibu, nitakusemea mimi.