Chakula cha Mbawakawa

“Mwenzangu, umewahi kumwonea wivu mdudu?” fundi cherehani alimuuliza mama aliyeketi naye kwenye treni.

“Mdudu gani tena?”

“Mbawakawa anaowafuga baba watoto. Wanakula unga wa mti uliooza, tena wa kuagizwa ng’ambo! Kauombea kibali. Kamsihi muuzaji aupitishe kwenye mvuke, mayai ya wadudu waharibifu yafe, maana bila cheti cha mkaguzi wa mimea mzigo unarudishwa.”

“Afadhali mdudu kuliko mke mwenza!” Mama alicheka. Abiria wa mbele naye, macho gazetini, mabega yakamtikisika.

“Mke mwenza ningemsuta. Hawa nitawasutaje? Kila asubuhi baba watoto anaufinya kiganjani unga wao, maana ndimo wanamolala, aone kama una unyevu, asije akawalaza pakavu.”

Treni ikafunga breki. Fundi akainuka, sauti imemshuka.

“Nilitaka aniulize na mimi nimelalaje.”