Dume Aliyenyimwa Malazi

Mwaka 2021, lokdauni ilipolegezwa, kijiwe cha ughaibuni, nje ya stesheni ya treni ya Bankstown, kilifufuka kabla hata vinyozi hawajanoa mikasi. Benchi ni lile lile. Chupa ya kahawa ya tangawizi ni ya Balagizi, Mkongo anayeitwa Protokole kwa kupenda utaratibu, na ubishi ni wa Muriuki, Mkenya aliyejipa uprofesa bila kuombwa na mtu. Jumamosi hiyo Zakayo, Mtanzania wao, alifika amenuna, simu mkononi. Alikuwa na majike wawili wa alpaka kwenye kishamba chake nje ya mji, wale wanyama wa sufi wenye shingo ndefu, na alikuwa akimtamani mtoto wa kwanza wa kundi kama mtu anavyotamani mjukuu.

— Kamtemea mate, Zakayo akasema. Dume wa watu kaletwa mara ya pili, jike wangu kamtemea usoni, na mateke juu.

— Na mara ya kwanza? Balagizi akauliza, akimmiminia kahawa.

— Alilala chini mwenyewe, mambo yakaenda vizuri. Wiki mbili tu zimepita. Halafu mwenye dume akacheka, akanionyesha dole gumba, akaondoka. Nimeumia kweli.

— Kwani visite yenyewe ni ya muda gani?

— Nusu saa, kwenye kizizi cha getini. Mwenye dume anakanyaga kwanza maji ya dawa ya kusafisha viatu, na dume haruhusiwi kugusa malisho wala kunusana na wengine. Anazunguka mashamba mengi. Akiniachia minyoo au ugonjwa, nimekwisha.

Balagizi akatikisa kichwa.

— Zakayo, hiyo si visite, hiyo ni delivery. Bwana harusi anakuja, hapewi hata maji. Hata mimi ningetemewa.

— Wacha hiyo, Muriuki akadakia. Ni lokdauni, buda. Huyo jike amekaa miezi bila kuona mtu, social skills zimeisha. Ama ameskia jamaa ako na madem kila shamba.

— Ameskia wapi?

— Hawa wanyama wanaongea. Unadhani ile mm-mm yao ni ya bure?

— Basi solution ni moja, Balagizi akasema. Dume alale kwako mwezi mzima. Akule, azoee familia.

Zakayo alijua ni hatari kwa kundi, lakini hamu ya mtoto ilimzidi nguvu. Akaanza kumwandikia mwenye dume.

Upande wa pili wa benchi aliketi Wanjugu, mama mjamzito aliyekuwa akisubiri treni ya kwenda kwake Rooty Hill. Alikuwa amesikia yote.

— Samahani, wazee wangu, akasema. Mabibi zenu wakiwa na mimba ya kwanza, nyinyi mlikuwa mnalala wapi?

Muriuki akapata shughuli na kamba za viatu. Zakayo alilikumbuka sofa fupi alilofukuziwa na Rhoda, mkewe, kwa sababu ya harufu ya sabuni yake, sabuni ile ile aliyokuwa akiisifia wakati wa uchumba. Akalikumbuka na lile dole gumba. Moyo wake ukajaa furaha.

Akafuta ujumbe, akaandika mwingine: asante sana, mtoto yuko njiani, dume abaki kwao.

Balagizi akainamisha chupa. Likatoka tone moja.

— Mpe pole huyo dume, akasema. Mwambie hata sisi tulirudishwa chumbani.