Chuma Ndani ya Bolti

Ndani ya basi dogo la kwenda mjini Tanta, Shaaban alikuwa amepakata silinda hedi, kile kifuniko kizito cha injini ya pampu yake ya maji. Bolti ilikatikia humo. Shemeji yake, Bahgat, akaingiza chuma cha kuitolea, nacho kikakatikia ndani yake.

"Nilikwambia usilazimishe!"

"Tungekitoboa kwa keekee, shemeji."

"Kigumu kuliko keekee hicho! Ulitaka nayo ivunjikie humo, iwe ya tatu? Mpunga wangu unakauka, wewe unanichezea!"

"Si huyo fundi tunayemwendea ana mashine ya kukiunguza kwa umeme?"

"Omba Mungu aweze."

Basi likasimama. Shaaban akajaribu kuinuka, miguu imekufa ganzi kwa uzito ule. Bahgat akanyoosha mikono kumpokea mzigo. Shaaban akamtazama, akashusha pumzi.

"Shika huku. Shika tu, basi. Usinisaidie."