Bi Majira Anaondoka na Onyo Lisilo Lake

Mlio ule umenikaa masikioni: piii moja, fupi na kavu, kama mtoto aliyeanza kulia akakatazwa. Ndivyo zinavyolia kompyuta zetu kuukuu zinapowashwa huku betri ndogo ya saa iliyomo ndani imekufa. Wengi wetu tuliupuuza. Bi Majira, popote alipokuwa kwenye korido, aliuitikia: “Abee, nakuja!”

Ijumaa hii, tarehe thelathini, fundi wetu wa kompyuta anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika hospitali hii. Jina la Bi Majira alipewa na wauguzi, kwa sababu ugomvi wake mkubwa na dunia ulikuwa juu ya saa. Alipoajiriwa, kompyuta ilikuwa moja tu, imefunikwa kitambaa cha kufuma ofisini kwa mhasibu. Anaondoka zikiwa kila wodi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike mambo mepesi, ya kuchekesha. Mepesi yapo, na nitaanza nayo, maana yale mengine yananichoma.

Mhasibu huyo aliwahi kuletewa kompyuta mpya iliyopangiwa saa za visiwa vya mbali ambavyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuviona. Alipoona saa si sahihi, akairekebisha kwa mkono, akaridhika. Tangu hapo barua pepe zake zikawa zinaonyesha zimetumwa kabla ya maswali anayoyajibu kuulizwa. Tukamwita Mtabiri. Bi Majira aliketi, akatazama, akacheka hadi miwani ikamtoka: “Shemeji, umeisahihisha saa ukaiacha mashine ughaibuni!” Akaipangia saa za eneo letu, na utabiri ukaisha.

Mimi niliingia idara yake na shahada yangu na haraka zangu. Alinifundisha kuuliza kabla ya kugusa. Dakika zikiwa sahihi lakini saa imekosea, angalia saa za eneo. Ikichelewa kidogo kidogo, basi haipokei saa kutoka kwenye mashine kuu. Ikisahau kila inapozimwa, betri imekufa, na kuiwekea saa kwa mkono ni kumpaka poda mgonjwa. “Mashine haidanganyi, mwanangu,” alikuwa akisema. “Inarudia uongo ilioambiwa.” Mumewe, dereva mstaafu, anatuhakikishia kwamba nyumbani kwao kuna saa nne za ukutani na hakuna mbili zinazoelewana.

Hapo ndipo wepesi unapoishia.

Mwaka jana mzima Bi Majira aliomba betri za saa kwa kompyuta za wodini. Ni vidude vidogo kama kifungo cha koti, bei yake haifiki ya soda. Afisa ugavi alimjibu mbele yetu, kijiti cha meno mdomoni: “Saa ya ukutani si ipo? Na wauguzi hawana mikono ya kuvalia saa?” Watu wakacheka. Bi Majira hakucheka. Alirudi tena, na tena, hadi akaitwa king’ang’anizi.

Basi umeme ulikatika usiku mmoja, na asubuhi kompyuta ya chumba cha dawa ikaamka bila kumbukumbu ya saa. Ikamwomba karani mgeni aiandikie. Ilikuwa saa mbili asubuhi, naye akaandika alichokijua: mbili. Mashine inayohesabu kuanzia usiku wa manane ikaelewa kwamba bado ni saa nane za usiku. Na kosa hilo lilijificha vizuri ajabu. Kila aliyepita aliona mbili, na kichwani mwake ilikuwa saa mbili. Mchana skrini ikasema sita, na kweli ilikuwa saa sita. Nani angeshtuka?

Mzee wa kitanda cha dirishani alikuwa anasubiri sindano yake ya sukari. Muuguzi alisubiri kengele ya kompyuta, kama alivyofundishwa. Kengele ya dozi ya asubuhi ililia saa nane mchana, mzee akiwa ameshaanza kuropoka. Bi Majira, aliyekuwa akipita na waya zake begani, aliisikia akasimama. “Hii mashine iko asubuhi, jamani! Mgonjwa yuko wapi?” Walikimbia wote. Mzee alikaa siku kadhaa chumba cha uangalizi, kisha akatoka akiwa ameshikwa mkono na binti yake. Shukrani kwa Mungu, na kwa masikio ya mama huyu.

Kikao kilipoitwa, mkurugenzi aliuliza swali moja: “Saa ni kazi ya nani?” Afisa ugavi akamnyooshea kidole Bi Majira. Karani alisimama kueleza, akaambiwa aketi. Bi Majira akapewa onyo kwa uzembe wa kusimamia vifaa. Uzembe! Betri zilinunuliwa wiki iliyofuata, kimyakimya, na aliyezikataa ndiye mwenyekiti wa kamati iliyoagiza keki ya Ijumaa. Ngao ya utumishi mrefu, tumeambiwa, haitolewi kwa mwenye onyo. Akishastaafu faili lake litafungwa, na neno hilo litabaki humo milele.

Nilipomwambia kwamba nitapinga, alinishika bega. “Achana nayo, mwanangu. Maji yakishamwagika hayazoleki. Wewe bado una miaka mbele yako hapa.” Ndiyo mara pekee aliyowahi kunishauri niache hitilafu kama nilivyoikuta.

Bi Majira, tunakushukuru kwa kila mashine uliyoirudisha kwenye akili zake, na kwa kututukana kwa upendo. Ulale sasa hadi jua liingie chumbani lenyewe. Wajukuu wakuchoshe, mzee wako akupikie, na maisha yaliyobaki yaende kwa majira unayoyataka wewe.

Lakini ushauri wako sikuufuata. Jana asubuhi nilipeleka pingamizi kwenye bodi ya nidhamu, kwa jina langu kamili. Karani wa dawa amesaini chini yangu, na chini yake muuguzi wa zamu ile. Limepokelewa na muhuri umegongwa, na faili lako haliwezi kufungwa mpaka litolewe jibu.