Delbert Hruska, Aliyeishi Miaka Miwili Bila Mapigo

Marehemu Delbert Hruska alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 mjini Shiner, Texas, mtoto wa nne wa mfugaji ng'ombe. Alisoma shule ya parokia, kisha uinjinia hadi akahitimu, jambo ambalo mimi mpwa wake, ninayewasomea wasifu huu, kwa upande wangu niliona si lazima.

Alifunga ndoa na Ardith Mikulenka tarehe 12 Juni 1965, wakajaliwa binti, Corrine. Mwaka 1974 aliajiriwa Houston, kwenye pampu zinazosukuma mafuta ya vyombo vya anga.

Mwaka 2016 moyo wake ulichoka. Wapasuaji walimpandikizia pampu ndogo, ukoo mmoja na zile za kazini kwake. Hapa Houston mainjinia wa anga na madaktari walikwisha kukaa meza moja zamani kubuni pampu za namna hiyo. Pampu hiyo ilizunguka bila kudunda, kwa hiyo marehemu hakuwa na mapigo ya moyo. Julai 2017 jua lilimwangusha kwenye rodeo, mashindano ya kupanda farasi na fahali. Muuguzi alimshika mkono kutafuta mapigo, akababaika.

"Pole mama. Mzee ametutoka."

"Hebu mwambie mwenyewe," Ardith akajibu.

Marehemu akafumbua jicho moja. "Bia yangu msiiguse."

Tarehe 3 Oktoba 2018 alipata kiharusi. Ubongo ulizima, pampu ikaendelea. Daktari alisema itazunguka tu mpaka sisi tuseme izimwe. Marehemu alikuwa ameacha agizo la maandishi: tufanye kama kazini kwao kabla ya kurusha chombo, kila mmoja aulizwe kama yuko tayari, na mmoja akisema bado, basi ni bado.

Corrine alisema, "Tayari." Mpwa alisema, "Tayari," kwa sauti ya mwizi aliyekamatwa.

"Bado," akasema Ardith.

Siku mbili tulikaa tukiitazama mashine. Ardith alilaza sikio kifuani pa mumewe.

"Mama, baba hayumo humo," Corrine alimwambia.

"Najua. Wewe niache."

Siku ya tatu akainuka. "Tayari sitakuwa, hata mkiniuliza hadi Krismasi. Izimeni."

Agizo halikuwa na kifungu cha jibu hilo. Daktari hakuthubutu kuizima, wala sisi. Ikabidi Ardith aonyeshwe waya wa pampu, akauchomoa mwenyewe, tarehe 6 Oktoba, saa nne asubuhi.

Marehemu ameacha mjane, binti, wajukuu wawili, na mpwa ambaye hakusaidia kitu. Delbert apumzike kwa amani. Ardith naye, Mungu akipenda, apate usingizi.